Mnaoanza kukereza mbao za Amerika Kusini, nunueni mzani kwanza

Wadogo zangu, kabla ya patasi mpya nunueni mzani, hata wa jikoni unatosha. Vile vipande vinavyouzwa vimechovywa nta pande zote mara nyingi ndani bado vibichi, nta iko pale kuzuia maji yasitoke kwa pupa mbao ikapasuka. Mimi nilikuja huku Uingereza nimezoea mpingo nikajua ugumu nimeshaumaliza, nikanunua kipande cha snakewood ya Suriname, mbao ngumu yenye madoa kama ya nyoka, kwa hela ya maana, nikakifunga kwenye mashine siku ileile, kesho yake asubuhi nakikuta na ufa toka ncha hadi ncha, niliumia jamani.

Siku hizi nakwangua nta ubavuni naacha ya kwenye ncha mbili maana huko ndo maji yanakimbilia kutoka, napima, naandika uzito na tarehe kwa penseli palepale kwenye mbao, naweka kivulini. Kila wiki mbili napima tena. Uzito ukigoma kushuka kwa miezi miwili hivi ndo nakereza.

Kwa kuanzia chukueni purpleheart, snakewood isubiri. Purpleheart ukiichana inatoka kahawia ya kijivu unaweza kudhani umepigwa, tulia, ikipata hewa na mwanga siku chache inageuka zambarau yenyewe, raha yake kuiona ndo kitu kinachonirudisha karakana kila Jumamosi. Ila jua kali la muda mrefu linairudisha kahawia, kwa hiyo bakuli lisikae dirishani. Na patasi ikiwa butu mbao inapata moto, inatoa utomvu unanata kila mahali, noa mara kwa mara.

Mbao iitwayo ipe nayo, vumbi lake la njano linawasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu, vaa barakoa ya maana, sio kitambaa.

Zile zenye mafuta za jamii ya Dalbergia, ndugu wa mpingo wetu, futa kwa asetoni inayoyeyusha mafuta, kisha paka gundi hapohapo ili ishike. Na muulizeni muuzaji karatasi za uhalali wa mbao. Dalbergia nigra ya Brazil iko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na ipe imeingia kwenye orodha ya pili mwishoni mwa 2024, akianza kuzunguka mrudishie kipande chake.