Mume wangu hajui kama nachoma sindano

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 32, naishi Tabata, ndoa yangu ina miaka minne. Sijui kama nataka mtoto. Nikimbeba wa dada yangu nafurahi, nikimrudisha kwa mama yake nafurahi zaidi. Nachoma sindano ya uzazi wa mpango kwa siri. Mama mkwe ananiletea dawa za mitishamba. Juzi nikifua, nilikuta mfukoni mwa suruali ya mume wangu karatasi ya vipimo vya mbegu. Yuko sawa, ila hajaniambia kama alikwenda kupima. Sindano nyingine ni tarehe 20. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nakwama kwenye karatasi ile. Mwanaume kaenda maabara peke yake, kapewa kikopo, kangoja majibu, kayakunja mfukoni bila kumwambia mtu. Huyo kajishuku mwenyewe kabla ya kukushuku wewe. Ndiyo maana kwenye siri siwezi kukutetea.

Kwenye kusita nakutetea mchana kweupe. Huku kwetu binti akishavua shela tu, macho ya watu yanahamia tumboni. Kwenye kitchen party anafundwa mpaka namna ya kumwandalia mume maji ya kuoga, lakini kama anataka kuzaa, nani humuuliza? Nimekaa na mama wa watoto wanne akaniambia kwa sauti ya chini kwamba angeulizwa, angesubiri. Na wanawe anawapenda mno. Hofu yako ya kuitwa Mama Fulani na jina lako likasahaulika ni ya kweli, usikubali kuambiwa ni uzungu.

Ila mambo haya yana hesabu zake, na ni za watu wawili. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, ya baba ni siku 3. Siku ya 85 nani anaamka usiku, nani anabaki na mtoto nyinyi mkiwa kwenye foleni ya kurudi nyumbani? Pengine unachokiogopa ni kubebeshwa yote peke yako, pengine hutaki mtoto kabisa. Ni majibu mawili tofauti, na mumeo anastahili kujua lipi ni lako. Ujue pia, ukiacha sindano mimba inaweza kuchelewa miezi mingi, hata mwaka, na baada ya miaka 35 uwezo wa kushika mimba hushuka kwa kasi zaidi.

Dawa za mama mkwe zipokee kwa heshima, usizinywe. Kumjibu ni kazi ya mwanawe.

Usimwambie kwa meseji. Tokeni jioni mwende Coco Beach, agizeni mihogo, mkae mbali na watu. Anza na karatasi: "Niliiona. Wewe huna tatizo lolote." Kisha sema la kwako lote. Atakasirika, pengine sana. Mwache akasirike, usijitetee kwa kumsema mama yake.

Iwe kabla ya tarehe 20.