Ukiingia kiwandani kwa mlango wa mkandarasi: ugomvi na wafanyakazi wa kudumu unatoka wapi, na uupeleke wapi

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye viwanda na migodi ya pembeni ya Lubumbashi, wengi wenu mtaingia kwa mlango wa mkandarasi. Basi litakuchukua alfajiri kwenye mitaa ya mji kama Kenya, Katuba au Ruashi, utapewa kofia ngumu na buti, na siku hiyohiyo utawakuta watu wanaofanya kazi ileile unayoifanya wewe, wamevaa sare ya kampuni yenyewe. Hawatakuita kwa jina. Watakuita mtu wa sutretansi, yaani wa kazi iliyopewa mkandarasi. Mimi nimekaa pande zote mbili, kwanza fundi umeme wa mkandarasi, sasa mpangaji wa kazi za matengenezo niliyeajiriwa na kampuni, na kwa yote niliyoyaona ninaamini jambo moja: ugomvi kati ya pande hizi mbili mara nyingi umeandikwa kwenye mkataba wa kampuni na mkandarasi, kabla ya wagombanaji wenyewe hata kufahamiana. Asiyelijua hilo atatukanana mwaka mzima na mtu ambaye hana uwezo wa kumpa anachokidai.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujashika spana, uliza mambo matatu. Nani ananipa amri ya kazi kila asubuhi? Nani ananilipa? Nikiumia, nani anaandika karatasi na napelekwa hospitali gani? Kwa mfanyakazi wa kudumu majibu yote yanatoka mlango mmoja. Kwako yanaweza kutoka milango mitatu, na hapo ndipo vijana wanapotea. Fundi wa kampuni atakupigia kelele: "Wewe, njoo ushike huku!" Ukikataa, una kiburi. Ukienda, kapita wako, yaani msimamizi wa kikundi chenu, atakukosa mahali alipokuweka na atasema umetoroka kazi. Jibu lake ni fupi: "Ndiyo papa, acha nimwambie kapita kwanza." Liseme kwa heshima, liseme kila mara, hata kwa kazi ya dakika tano. Baada ya muda wao wenyewe wataanza kupitia kwa kapita.

Nieleze kisa kimoja kwa kirefu, maana ndani yake mna karibu kila kitu. Palikuwa na pampu ya tope iliyokuwa ikivuja, na kikundi cha mkandarasi kilipewa kuitengeneza. Kabla ya kuigusa walizima umeme kwenye kabati lake, na kila mmoja akatia kufuli yake, yenye jina lake, pale kwenye swichi. Ndiyo kanuni: kufuli ni ya mtu, na anayeifungua ni mwenyewe. Basi la watu wa mkandarasi linaondoka saa 16:00. La wafanyakazi wa kudumu linaondoka saa 17:30. Sasa mtazame yule opereta wa kudumu: kila siku saa 15:40 anaona watu wanakusanya vyombo na mashine bado iko wazi, huku tangi lake linajaa na shefu anamuuliza kwenye redio pampu itawaka lini. Moyoni mwake hawa ni wavivu. Na wale wa mkandarasi wanajua kwamba basi likiwaacha, hakuna atakayewalipia teksi mpaka mjini.

Siku hiyo walimaliza kazi mbiombio, wakatoa kufuli zao, moja ikasahaulika. Mwenyewe alikuwa ameshapanda basi. Opereta akaja na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Kapita wa mkandarasi, aliyekuwa amebaki kuhesabu vyombo, akasimama mbele ya kabati la umeme. "Nyinyi ni watu wa kupita tu!" "Na nyinyi mnalipwa kwa kukaa!" Watu wakajaa. Mimi niliwakuta hapo.

Katika jambo lenyewe kapita alikuwa na haki. Kufuli ya mtu haikatwi kwa hasira. Anapigiwa simu mwenye kufuli, inahakikishwa kwamba yuko nje ya kiwanda na hayuko nyuma ya mashine, mahali pote panakaguliwa, na msimamizi anatia sahihi kabla ya kukata. Tulifanya hivyo, pampu ikawaka kwa kuchelewa. Kesho yake shefu mmoja alitaka kuwapa wote wawili barua ya adhabu kwa matusi, yaishe. Yasingeisha. Saa 15:40 ya siku iliyofuata ingekuja vilevile.

Kilichosaidia kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza tuliiweza wenyewe: saa 15:00, kabla ya yeyote kukusanya vyombo, kapita na opereta wanakwenda pamoja kwenye mashine, wanasoma kufuli moja moja, wanaandika kilichokwisha na kilichobaki, wanatia sahihi wote wawili. Ya pili hatukuiweza, kwa sababu saa ya basi ilikuwa ndani ya mkataba wa kampuni mbili. Tukaandika ukurasa mmoja: tarehe, mashine, dakika zilizopotea. Hakuna jina la mtu, hakuna neno "wavivu". Ukurasa huo ukapelekwa kwa msimamizi wa mikataba, yeye akakaa na mkandarasi, na basi likapangiwa kuondoka baadaye zaidi. Opereta na kapita hawakuwa marafiki baada ya hapo, wala sidai walipaswa kuwa. Walifanya kazi, na matusi yakakoma.

Pia jueni hasira ya wazee wa kudumu inatoka wapi, maana kijana anayekuja leo anaiona kama dharau tupu. Katika eneo letu la Katanga kazi ya kampuni haikuwa mshahara peke yake. Tangu Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa 1906, hadi Gécamines ya serikali iliyokuja kushika nafasi yake, kampuni ilitoa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga. Wazee walisema kampuni njo baba, njo mama. Kisha mambo yakaanguka, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Opereta unayemwona leo na sare ya kudumu huenda ni mtoto wa mmoja wao. Alimwona baba yake akirudi nyumbani na bahasha, kisha akaona karo ya shule inakosekana. Anapokutazama wewe, anaona mtu anayefanya kazi yake kwa bei ndogo, na anajiuliza zamu yake ya kutoka ni lini. Sisemi uvumilie matusi. Nasema usimwambie kamwe, hata kwa mchezo, "Kazi yako hii hata mimi naiweza." Nimeona neno hilo likivunja ekipu nzima.

Na wewe unayeingia moja kwa moja na kontra (mkataba wa kazi) ya kudumu, pengine umetoka UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na diploma mpya mkononi, maneno haya ni yako zaidi, kwa sababu uzito uko upande wako. Salamu ianze kwako. Jifunze majina ya watu wa mkandarasi kabla ya wiki kwisha. Wazee kati yao waite papa, kama ungewaita mtaani. Kofia ya rangi nyingine haipunguzi umri wa mtu. Ukiandika ripoti na kazi imefanywa nao, andika kwamba imefanywa nao. Ninakereka sana nikisoma ripoti ambamo kosa lina jina la mkandarasi na kazi nzuri haina mwenyewe.

Kuna mambo yanayouma lakini hayana mgomvi pale karakanani. Tarehe 1 Mei wafanyakazi wa kudumu wanapewa kitenge cha kampuni na wanapita kwenye gwaride, wewe hukupewa. Wao wanakula bukari (ugali) kantini, wewe unakula mkate nje ya geti. Mtoto wake anatibiwa kwa kadi, wako kwa mfuko wako. Haya yana uzito, sitaki mtu awaambie ni madogo. Lakini mwenzako wa kudumu hakuchukua kitenge chako wala hakuamua nani aingie kantini. Mwajiri wako ndiye anayepaswa kuulizwa, kwa barua, na barua yenye sahihi za watu kumi ina nguvu kuliko ya mmoja. Usiyamwage kwenye kundi la WhatsApp la kazi. Sauti uliyoirekodi saa nne usiku kwa hasira itamfikia shefu kabla hujaamka.

Neno la wizi lina namna yake. Chombo kikipotea, mifuko ya kwanza kupekuliwa getini ni ya watu wa mkandarasi. Ni uonevu, na mpaka ubadilike, jilinde kwa karatasi. Ukiingia na kipima umeme chako mwenyewe, mwandikishe mlinzi: aina, namba yake, tarehe, akutilie sahihi. Ukiazima chombo cha kampuni, kiandikwe kimetoka na kiandikwe kimerudi, hata kama aliyekuazima anasema "sisi ni ndugu, chukua tu". Ndugu huyo akihamishwa zamu, utabaki peke yako na maelezo.

Sasa sheria, kwa ufupi, ila isomeni mara mbili. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni ya tarehe 16 Oktoba 2002, ikarekebishwa 2016. Kontra ya muda maalumu haivuki miaka miwili, na inarudiwa mara moja tu, isipokuwa kazi za msimu na nyingine chache zilizotajwa humo. Anayefanya kazi ya siku kwa siku, akiwa ameshafanya siku 22 ndani ya miezi miwili kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Na anayeajiriwa kushika nafasi ya kudumu anapaswa kupewa kontra isiyo na mwisho. Kwenye karatasi ya mshahara, mchango wako wa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni 5%. Mwajiri anaongeza wake. Ukiona umekatwa, nenda CNSS uulize kama jina lako lipo na kama pesa zimefika. Iko pia sheria ya 2017 ya sutretansi, lakini hiyo inasimamia kampuni na kampuni. Kwa mshahara wako bado unamtazama aliyetia sahihi kontra yako.

Mkandarasi akikaa kimya, mfuate mjumbe wa sendika, chama cha wafanyakazi, kama yupo. Ikishindikana, nenda kwa Mkaguzi wa Kazi. Huwezi kumpeleka mwajiri moja kwa moja kwenye tribinali ya kazi: shauri la mtu binafsi lazima lipite kwanza kwa Mkaguzi, ajaribu kuwapatanisha. Nenda na kontra, karatasi za mshahara, kadi ya kazi, na daftari la siku ulizofanya kazi. Daftari hilo lianze leo. Nakala zikae nyumbani, si kwenye kabati la kiwandani, kwa sababu siku ukifukuzwa geti halitafunguka ukachukue karatasi.

Wachache wenu mtavuka mkaajiriwa na kampuni. Shida ya kwanza italetwa na watu uliowapenda. Kapita wako wa zamani atakuja saa 15:50 na karatasi ya kazi ambayo haijaisha, akuombe utie sahihi, kwa sababu wewe unajua maisha ya basi. Usimtolee sauti ya bosi, wala usitie sahihi ukiwa umekaa ofisini. Vaa kofia, umwambie: "Twende, papa, tukaione." Fikeni pamoja kwenye mashine, tia sahihi kwa kilichokwisha, na kilichobaki kiandike kwa mkono wako huku naye anasoma, ili zamu ya usiku isimlaumu yeye peke yake.