Adam wa Kahndaq: steringi au adui?

Katika safu iliyopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba kati ya mashujaa wote wa DC, kampuni ya vitabu vya katuni ya Marekani, Black Adam ndiye pekee niliyempenda na kumuogopa kwa pamoja. Basi nimejitakia, mmenimiminia maswali. Picha yake, Black Adam, ilitoka Oktoba 2022, lakini huku kwetu picha haiishi inapotoka sinema. Inahama flashi kwa flashi, kutoka Darajani hadi Konde, na kila inapofika inakuta baraza jipya la kubishana. Nimechagua maswali machache. Ambaye hajaitazama aishie hapa, maana sitaficha kitu.

Barazani kwetu tumegawika. Wenzangu wanasema Adam ni adui kwa sababu anaua bila kuuliza. Mimi nasema steringi ni steringi. Tuamulie. (Kijana wa Michenzani)

Kwa sheria za kibanda cha video, steringi ni yule ambaye picha ikiisha bado yupo, na adui ni yule anayekufa mwishoni. Kwa kipimo hicho umeshinda, kunywa kahawa yako. Ila wenzako hawakuuliza hilo. Wao wanataka kujua kama ni mtu mwema, na hapo picha inatuchezea kwa makusudi.

Mwanzo tunasimuliwa kwamba karibu miaka elfu tano nyuma kulikuwa na mtumwa wa nchi iitwayo Kahndaq aliyepewa nguvu na baraza la wachawi, akamuua mfalme dhalimu Ahk-Ton, akawakomboa watu wake. Sanamu ya shujaa huyo imesimama mjini na watu wanajivunia nayo. Baadaye ndipo inapobainika kuwa aliyepewa zile nguvu hakuwa Adam. Alikuwa mwanawe, Hurut, kijana mdogo. Watu wa mfalme walipowavamia wazee wake, mama alikufa na baba akabaki anakata roho. Hurut akamvisha baba nguvu zake ili apone, na papo hapo, akiwa hana kinga yoyote, akapigwa mishale. Adam hakwenda kwa mfalme kukomboa mtu. Alikwenda kulipiza kisasi, akaliporomosha kasri zima, na wachawi wakamfungia kwa kuwa walimuona hastahiki, mpaka alipokuja kuamshwa zama zetu hizi.

Sisi watu wa pwani tuna Fumo Liyongo, aliyechomwa na mwanawe sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Huko Kahndaq mambo yamepinduka: mtoto ndiye anayekufa ili baba aishi, na baba hakupata kupona hata siku moja. Kwangu mimi Adam ni mfiwa aliyepewa silaha kabla hajamaliza kukaa matanga. Ukishamuona hivyo, ubishi wenu wa steringi na adui unakuwa mdogo. Unabaki na swali zito zaidi, la nani amzuie mtu kama huyo, na kwa haki gani.

Mwanangu ana miaka kumi. Siku hizi akigombana na wenzake anawaambia atawafanya kama Adam alivyowafanya askari. Nimkataze kuitazama? (Mama wa Wete)

Dada yangu, umechelewa, ameshaitazama, na kama hukumpa wewe amepewa na binamu zake. Marekani kwenyewe iliwekewa alama ya kuwataka wazazi wawe waangalifu na watoto walio chini ya miaka 13, kwa hiyo wasiwasi wako si wa kizamani.

Ningekuwa wewe ningekaa naye tukaitazama tena, nikamuuliza mambo mawili. La kwanza, yule mtoto Amon, mpenzi mkubwa wa mashujaa, anamfundisha Adam nini? Anamfundisha maneno ya kuwaambia watu kabla hajawaua, ili ionekane ushujaa. Watu huangua kicheko hapo, na mimi nilicheka, lakini ni kichekesho chenye mwiba. Mtoto ndiye mwalimu na somo lake ni kuua kwa madaha.

La pili, na hili ndilo atakalolishika: Ishmael, adui wa picha, alitaka nini? Alitaka auawe akiwa na lile taji la mfalme wa kale, ili ashuke kuzimu na kurudi akiwa Sabbac, na nguvu za mashetani. Nani aliyempa alichokitaka? Adam, kwa hasira zake. Adui alijua kwamba mtu huyu hawezi kujizuia, akautumia udhaifu huo kama ngazi. Mwambie mwanao kwamba ile nguvu anayoipenda ndiyo iliyompandisha adui juu. Watoto wa miaka kumi hawapendi kushindwa akili, utaona.

Mwishoni Superman katokea kabisa! Sasa mbona sehemu ya pili haiji? Wateja wangu wananiuliza kila siku. (Muuza filamu, Darajani)

Haiji, bwana wangu, na usiwauzie watu matumaini.

Dwayne Johnson alitangazwa kuwa ndiye Adam mwaka 2014, na picha ikatoka Oktoba 21, 2022. Hiyo ni safari ya miaka minane. Siku nne tu baada ya kutoka, kampuni ikatangaza kwamba James Gunn na Peter Safran ndio wakuu wapya wa DC Studios, na wakuu wapya, kama kawaida yao popote duniani, walikuja na ramani yao. Desemba ile ile Henry Cavill akasema harudi tena kuwa Superman, wiki chache baada ya kuwatangazia watu kwamba amerudi. Siku chache mbele Johnson naye akaeleza kwamba Adam hatokuwamo katika sura ya kwanza ya hadithi mpya. Mwaka 2025 ikatoka picha mpya ya Superman na mwigizaji mwengine, David Corenswet. Kwa hivyo yule Superman uliyemuona anatoka kwenye moshi alikuwa mgeni aliyekaribishwa kwenye nyumba iliyokwisha kuuzwa.

Fedha nazo zina neno. Picha iliingiza karibu dola milioni 393 duniani kote. Kwetu ni bahari ya pesa, lakini gharama za kuitengeneza zinatajwa kukaribia milioni 200, matangazo mbali, na wenye sinema nao huchukua fungu lao kubwa katika kila tiketi. Hakuna aliyefilisika. Lakini kwa wakuu wapya wasiokuwa na deni la mapenzi kwa Adam, hesabu ile haikuwa na mvuto.

Wanaosema ameonewa nawaelewa. Mimi nasema pia walioitengeneza picha walijimaliza wenyewe kwa kutuonesha Superman kabla hatujamaliza kumjua Adam.

Hawa Justice Society walikuwa wapi miaka yote Intergang inaichimba Kahndaq? Wamekuja siku mwenye nchi alipoamka! (Mwanafunzi wa chuo, Tunguu)

Swali hili Adrianna, mama yake Amon, amemtupia Hawkman, kiongozi wa hao Justice Society, mbele ya uso wake, na Hawkman hakuwa na jibu la maana. Intergang, mamluki wenye silaha, wamekaa nchini, wanawapekua raia kwenye vizuizi, wanachimba madini ya Eternium, na hakuna ndege yoyote ya mashujaa iliyotua. Siku mwenyeji mmoja alipopata nguvu ndipo ulimwengu ukakumbuka amani. Mtu wa visiwani hahitaji kufafanuliwa hilo. Najua kwa nini ukumbini kwenu mlipiga makofi.

Lakini usiishie kwenye makofi, mwanangu. Hawkman ana kasoro ya kiburi, ila alichokuwa akikisema si upuuzi: mtu akitekwa ahukumiwe, asiangushwe tu kutoka mawinguni. Na tazama kilichotokea. Adam alipomlipua Ishmael, mripuko ule ule ulimjeruhi Amon, mtoto ambaye Adam alikuwa akijaribu kumuokoa. Hapo ndipo alipoishiwa nguvu. Akaungama kuhusu Hurut, akalitamka neno la kujivua uwezo wake, akakubali kupelekwa kwenye jela ya siri chini ya maji. Katika picha nzima hiyo ndiyo mara pekee alipojihukumu mwenyewe, na Johnson hapo ameigiza vizuri kuliko anavyosifiwa.

Baadaye nini? Baada ya muda mchache tu Sabbac anafufuka, Adam anahitajika, anatolewa jela, anampasua Sabbac vipande viwili, kila mtu anafurahi. Picha imemsamehe kabla hajaomba msamaha. Wengi wanamlaumu Adam kwa kuua. Mimi naulaumu mwisho huo, kwa sababu ulikuwa na mtu aliyekwisha kukubali hatia yake, ukamnyang'anya fursa ya kuibeba. Rangi yake ya kijivujivu, ya mtu asiye mwema wala mwovu, ilifutwa pale.

Ametokea wapi huyu Adam? Ni wa zamani au ni wa juzi? (Msomaji wa Mkoani)

Wa zamani sana. Alibuniwa na Otto Binder na mchoraji C. C. Beck mwaka 1945, na alikuwa adui mtupu. Katika hadithi ile ya kwanza alihadaiwa akatamka Shazam, lile neno la kujivua nguvu, miaka elfu tano ikamrudia kwa mpigo, akawa vumbi. Vitabuni nguvu zake zinatokana na miungu ya Misri ya kale: Shu, Heru, Amon, Zehuti, Aton na Mehen. Kahndaq yenyewe ni nchi ya kubuni, msiitafute kwenye ramani.

Adam na Superman, nani mshindi? (Hakutaja alipo)

Adam ana uchawi, na vitabuni Superman hana kinga dhidi ya uchawi. Ila nyinyi mnaoniandikia haya kila wiki, hamchoki?

Ungepewa wewe kuandika sehemu ya pili, ungefanyaje? (Mwalimu wa Chake Chake)

Mwalimu, wewe unakaa karibu na Pujini, kwa hiyo tutaelewana. Mkama Ndume husimuliwa kama mtawala aliyejenga ngome ya kuogopwa, na husimuliwa pia kwamba aliwatesa watu wake kwa kuwabebesha mawe huku wakijiburuza kwa makalio. Ngome ni hiyo hiyo na watu ni hao hao. Aliyewakinga ndiye aliyewatumikisha.

Adam mwisho wa picha amekivunja kiti cha enzi, akasema atakuwa mlinzi wala si mfalme. Maneno mazuri. Lakini vitabuni alikuja kuitawala Kahndaq, na ukoo wake mpya ulipouawa aliimaliza nchi jirani ya Bialya, nayo ya kubuni, takriban watu milioni mbili, wakiwemo wasiojua hata kosa ni lipi. Kwa hivyo mbegu ipo, na sehemu ya pili ningeiweka Kahndaq mwanzo hadi mwisho, asije mgeni yeyote kutoka angani.

Ningeanza na mwanamke mmoja wa pale mjini. Mwanawe alikuwa kijana mwenye njaa, Intergang wakampa bunduki na mshahara wa kusimama kwenye kizuizi, na Adam akamuua siku ile ya kwanza alipoamka. Mama huyo hamtukani wala hamlaani. Anakuja kila asubuhi mahali kilipokuwa kiti, anakaa, anadai diya ya mwanawe. Watu wa mji wanaanza kuja kumsikiliza, kwanza wachache, kisha wengi, na Amon ni mmoja wao. Adam anaweza kusimamisha kombora kwa mkono mmoja, lakini hana la kumfanya mama huyu, na Adam mwenyewe aliwahi kuwa mzazi anayedai damu ya mtoto. Alipe? Kwa nini, na amlipe nani mwengine baada ya huyo? Akatae? Basi yeye alimuua Ahk-Ton kwa lipi?

Saa mbili za hapo zinanitosha, hata pasiwe na jengo moja linaloanguka.