Hilo kopo lisilo na maandishi lirudishe leo hii

Dada wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), umeuliza seramu na tona vinatofautianaje na niasinamidi ni kitu gani, halafu mwishoni umechomeka kwamba kuna mama wa Sabasaba amekuchanganyia "krimu ya asilia" kwenye kopo jeupe na wikiendi unaanza. USIPAKE. Huo ni mkorogo.

Mimi nilipaka, na ubaya wake ni kwamba inafanya kazi. Chunusi zikakauka, madoa yakafifia, ofisini wakaniuliza natumia nini, nami kwa kiherehere nikawaelekeza hukohuko. Kumbe mle ndani kuna klobetasoli (kwenye tyubu inaanza na herufi C), steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) ya wagonjwa wa ngozi, miongoni mwa kali kabisa za kupaka. Madaktari huiandika kwa muda mfupi, na usoni huikwepa. Mie nilikuwa najipaka asubuhi na jioni kama mafuta ya mgando.

Ngozi ikawa nyembamba, vimishipa vyekundu vikajichora mashavuni. Kuacha ndiyo balaa: uso uliwaka moto, vipele vikafumuka kuliko vya mwanzo, na ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba ukamalizia na vumbi lake. Hata maji ya bomba yalinichoma. Nilijifunga mtandio usoni mpaka bodaboda wa Makole akawa ananisalimia "asalamu aleikum". Mimi Mwanglikana wa kuzaliwa! Niliitikia tu, ningefanyaje.

Na yule mama sasa! Eti "ngozi yako inatoa uchafu, vumilia." Nilipombana ndipo akatoa tyubu aliyokuwa anaikamulia mle. Mitishamba gani inauzwa famasi? Hela yangu hakurudisha hata mia.

Kwa hiyo mimi sheria yangu ni moja: kisichoandikwa viambato hakigusi uso wangu. Orodha huanza na kilicho kingi, ndiyo maana losheni nyingi zinaanza na maji. Ukiona haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi), au zebaki (nyingine hujificha kwa jina la kalomeli), weka chini, ni marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Neno "asilia" lisikubabaishe, hata zebaki inachimbwa ardhini.

Kama umeshaanza kupaka, usiache kimyakimya, nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lako mkononi alione.

Niasinamidi ni vitamini B3, haina ugomvi. Hayo ya tona wenzangu watakujibu, mimi siku hizi ni sabuni isiyo na manukato na glisirini basi.