Seva ya mafaili nyumbani: pesa ipeleke kwenye diski

Wengi wanaoanza huanzia pasipo. Wanatafuta kompyuta yenye prosesa kali, wanaijaza ramu, halafu chenji inayobaki ndiyo inunue diski. Geuza hesabu hiyo. Kazi ya seva ya mafaili ni kutunza data na kuitoa inapoitwa. Core i5 ya kizazi cha sita, iliyotoka 2015, inahudumia nyumba nzima huku inasinzia. Kinachokufa ni diski, na umeme wetu wa kwenda na kurudi huiwahisha kufa. Basi diski kwanza, UPS (boksi lenye betri linaloshikilia umeme ukikatika) pili, vilivyobaki mtumba unatosha.

Kabla ya kuuliza bei ya diski, uliza ni CMR au SMR, njia mbili za kupanga data ndani ya diski. Kwenye CMR kila mstari wa data umelala mahali pake. Kwenye SMR mistari imepandana kama vigae vya paa: data nyingi inaenea mahali padogo, lakini ukibadilisha mstari mmoja, diski inalazimika kuandika upya na majirani zake. Ukiangalia filamu hutaona tofauti. Utaiona siku diski moja imekufa, umechomeka mpya, na mfumo unaijaza upya: mwendo unaanza vizuri, unaporomoka, na kazi ya saa chache inageuka ya siku kadhaa, wakati huo diski iliyobaki ndiyo tegemeo lako pekee. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 ni SMR. Sasa jina la kutafuta ni Red Plus. Seagate IronWolf na Toshiba N300 ni salama kwa hilo. Uwe macho na Barracuda za Seagate za inchi 3.5: ST4000DM004, ile ya TB 4, ni SMR. Soma namba ya modeli kwenye lebo ya diski yenyewe, usidanganywe na rangi ya boksi. Na ukikosa hizo, pita kwa wauza kamera za CCTV uulizie WD Purple. Imetengenezwa kuandika usiku na mchana, na kwa nyumbani inafaa kabisa.

Diski ya mtumba si dhambi, ila usilipe kabla ya kuiona ikisoma. Nenda na laptopu yenye Linux na kebo ya kuunganishia diski kwa USB (ya inchi 3.5 inataka na adapta yake ya volti 12), kisha andika:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Amri hiyo inasoma SMART, kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia (sdb ni jina la diski, lako linaweza kuwa tofauti). Angalia namba 5, 197 na 198. Namba 5 ni sehemu zilizoharibika ambazo diski imeshazihamisha, 197 ni zinazosubiri hukumu, na 198 ni zilizoshindikana kabisa. Zote tatu zinatakiwa zisome sifuri. Ya 197 ikiwa hata 8, rudisha diski mezani uage kwa heshima. Namba 199 ni tofauti: ikipanda, lawama mara nyingi ni ya kebo, si ya diski. Namba 9 ni saa ambazo diski imewashwa, nayo huchezewa. Mwanzoni mwa 2025 ziligundulika diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya, saa zake zimerudishwa sifuri. Waliozirudisha walisahau kuwa Seagate huweka kumbukumbu nyingine iitwayo FARM. Kwa smartctl toleo la 7.4 na kuendelea, isome kwa -l farm ulinganishe saa za pande zote mbili. Zikipishana sana, umeshajua.

Ukifika nyumbani, jaribu diski kabla haijabeba picha ya mtu, iwe mpya au kuukuu. Anza na smartctl -t long, ambayo kwa TB 4 huchukua kama saa nane. Kisha badblocks -b 4096 -wsv, inayoandika na kusoma diski nzima mara nne. Hii inafuta kila kitu, kwa hiyo hakikisha jina la diski mara mbili kabla ya kubonyeza. Itakula siku mbili na nusu hivi, acha ile. Mwisho soma SMART tena: namba zilizokuwa sifuri zikianza kutembea, rudi dukani wakati risiti ingali ya moto.

Sasa kompyuta. Za ofisini zilizotumika, zile za Dell, HP na Lenovo zinazojaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli ya Nairobi, ndizo zenye thamani kuliko bei yake. Chukua umbo la SFF, lile boksi jembamba la mezani, usichukue lile dogo la kukaa nyuma ya skrini, maana hilo halina nafasi ya diski ya inchi 3.5. HP EliteDesk 800 G4 SFF, kwa mfano, inabeba mbili. Mwambie muuzaji afungue kifuniko, uhesabu mwenyewe nafasi za diski, matundu ya SATA (ya kuchomekea kebo za diski) kwenye bodi, na vichwa vya umeme. Ramu GB 8 inatosha, hata kwa TrueNAS, mmoja wa mifumo ya seva za mafaili. Mfumo wenyewe ukae kwenye SSD ndogo ya GB 128. Flashi ya USB itachoka kwa kuandikwa kila dakika.

Hapo kwenye vichwa vya umeme ndipo pana mtego. Kompyuta hizi nyingi hazitumii paua saplai ya kawaida. Ikifa, huwezi kuweka yoyote ya dukani. Tena vichwa vya diski ni vichache, kwa hiyo utanunua kigawanyi. Shika kigawanyi mkononi ukitazame kichwa chake: kama plastiki imemiminwa ikawa donge moja na nyaya zimezama ndani, kiache. Nyaya hizo zikisogea ndani ya plastiki hugusana, na vichwa vya aina hiyo vimeyeyuka na kuwaka. Chukua kile ambacho nyaya zimebanwa na unaona kifuniko cha nyuma kinafunguka. Diski moja ya inchi 3.5 huvuta takriban wati 24 inapoanza kuzunguka, kisha inashuka hadi wati 5 hivi, kwa hiyo mbili hazitaisumbua paua saplai ya wati 180.

Mashine kama hii yenye diski mbili hukaa kwenye wati 25 hivi ikiwa imetulia. Hiyo ni uniti 18 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, lenye kikomo cha uniti 75, ni karibu robo ya mgao wake. Seva kuukuu ya kampuni, unayoambiwa "chukua tu bure", hufika wati 90 bila kufanya kazi yoyote: uniti 65. Bure hiyo utailipa kwenye LUKU.

UPS ya VA 650 yenye waya wa USB ndiyo ya kuanzia. Gadi ya friji haitoshi, maana inazuia volti mbaya tu, haikupi dakika tano za kuzima kwa adabu. Weka programu ya NUT ili seva ijizime betri ikishuka, na kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) iruhusu iwake umeme ukirudi. Na betri, kwa kawaida ya volti 12 na Ah 7, hubadilishwa. Ijaribu mara moja kila miezi mitatu kwa kuchomoa UPS ukutani.

Mtandao hauna mengi. Ruta nyingi za bure kutoka kwa watoa huduma zina matundu ya megabiti 100, na hapo GB 50 za picha huchukua zaidi ya saa moja. Kwa gigabiti ni dakika saba au nane. Nunua swichi ndogo ya gigabiti, uunganishe seva na kompyuta humo. Ethtool, amri ya Linux ya kuangalia mwendo wa kebo, ikionyesha 100Mb/s kwenye swichi ya gigabiti, badilisha kebo: gigabiti inataka nyaya zote nane, na moja ikikatika mwendo hushuka kimyakimya.

Kwa programu ya kuendesha seva, OpenMediaVault ndiyo nyepesi kwa mgeni. Swali zito ni jinsi ya kupanga diski. Ukiwa na pesa ya diski mbili tu, usizifanye kioo cha RAID, yaani diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile kwa pamoja. Mtoto akifuta folda, kioo nacho kinafuta sekunde hiyohiyo. Moja ikae kwenye seva, ya pili iwe ya nakala: ichomeke Jumapili, nakili, ichomoe, ipeleke kwa mjomba. Kioo kije na diski ya tatu.

Kabla ya kufunga kifuniko, andika lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL, kisha bandika kwenye kila diski karatasi yenye herufi nne za mwisho za namba yake. Moja ikifa, mfumo utakutajia namba, na bila karatasi hiyo ni rahisi sana kuchomoa iliyo nzima.