Kabla ya kutafuta tuisheni, mtafutie rafiki

SWALI: Mwanangu ana miaka 10. Alikuwa wa 6 darasani; tangu rafiki yake ahame shule ameshuka hadi wa 28. Asubuhi za shule tumbo linamuuma, Jumamosi mzima kabisa. Mwezi huu amepoteza kalamu 4 na daftari la hisabati. Nikimuuliza, "hakuna kitu". Baba yake anataka mwalimu wa tuisheni. Tufanyeje?
Mama wa darasa la tano

JIBU: Mama, tuisheni isubiri kwanza. Tumbo la siku za shule tu, vitu vinavyopotea, rafiki aliyeondoka: ukiyaweka pamoja, hayo yanaelekea kwenye uonevu kuliko uvivu. Mpeleke daktari alitazame hilo tumbo, lakini usimwambie anajifanya. Hofu huuma tumbo kwelikweli.

Alama hushuka hivi. Mtoto anayejua kwamba kengele ya mapumziko ikilia atasubiriwa mlangoni, nusu ya akili yake iko mlangoni tangu kipindi cha kwanza. Anapogawanya 864 kwa 12 anatakiwa ashike namba mbili tatu kichwani kwa pamoja; kicheko kikisikika nyuma yake, moja inamponyoka. Hanyoshi kidole hata jibu akiwa nalo, maana akikosea atazomewa. Ukimwongezea saa mbili za masomo jioni, utamchosha tu, na chanzo kitabaki palepale.

Hapo kwenye rafiki aliyehama ndipo tungeanzia. Waonevu humwinda aliye peke yake, kwa kuwa hana wa kumsemea. Hahitaji kundi, rafiki mmoja wa kweli ni kinga kubwa. Muulize mwalimu wa darasa: ni nani humwazima raba bila kinyongo? Nani hucheka naye? Mwalimu makini huwa anajua. Mwombe awakalishe dawati moja kwa wiki 3 au 4 na kuwapa kazi ya wawili, kama kukusanya madaftari. Kisha mkaribishe mtoto huyo nyumbani, yeye peke yake. Wakiwa watatu, wawili huungana na wa tatu akabaki pembeni, na mara nyingi atakuwa wako. Saa moja na nusu inatosha, pawe na kitu cha kufanya kwa mikono, na waachane wakiwa bado na hamu. Wakikaa mno watachokana, na hatarudi.

Kuzungumza na mwanao, usimkalishe kitako umtazame usoni. Subiri mkiwa njiani au mkiosha vyombo. Badala ya "nani anakuonea?" uliza "leo mapumziko ulikaa wapi?" Akishafunguka, usiahidi kutomwambia mtu, mweleze utazungumza na nani, na lini.

Kwa siku 10 andika kila tukio: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe yaliyotamkwa, na nani alikuwepo. Pengine utaona mahali panajirudia, iwe chooni au nyuma ya madarasa. Mwalimu akiambiwa "wanamsumbua" hana pa kushika. Akiambiwa "chooni, mapumziko ya kwanza, mara 4 wiki hii", anaweza kumweka mtu pale kesho yake. Kabla hamjaagana, wekeni siku ya kukutana tena baada ya wiki 2.

Sasa yanayoharibu. "Na wewe mpige" humwingiza mtoto kwenye pigano la pili, na mara nyingi ndiye anayeadhibiwa. Kwenda kugonga mlango wa wazazi wa mwenzake huishia kwenye ugomvi wa watu wazima. Na kuwasimamisha mwanao na anayemwonea washikane mikono ni kosa ambalo hata shule nzuri hulifanya. Dan Olweus, aliyetafiti jambo hili Sweden na Norwei tangu miaka ya 1970, alitenganisha uonevu na ugomvi kwa mambo matatu: umekusudiwa, unajirudia, na nguvu hazilingani. Usuluhishi unawafaa wanaolingana. Hapa anayeonewa atasema "nimesamehe" kwa woga, kisha atalipishwa nje. Kila mmoja aitwe peke yake.

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 13. Darasani kwetu kuna msichana anaitwa jina baya kila siku. Nikimtetea nahofia watanigeukia mimi. Nifanye nini?
Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mwanangu. Woga wako una sababu, na hulazimiki kupambana na yeyote. Watafiti wa Kanada waliwarekodi wanafunzi kwa kamera wakiwa uwanjani. Ripoti yao ya mwaka 2001 inaonyesha kwamba wenzao walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Waonevu hutegemea watazamaji, kwa hiyo anza kwa kutocheka.

Zungumza na wenzako wawili unaowaamini. Jina hilo likitajwa tena, msijibizane na mtajaji. Mwiteni msichana kwa jina lake halisi: "Njoo, tumekuwekea nafasi," kisha ondokeni naye. Mikono ikianza kurushwa, usiingie katikati. Kimbia ukamwite mwalimu. Wakikuita mchongezi, kumbuka mchongezi hutaka mtu aadhibiwe, na wewe unataka mtu asiumizwe. Na siku ambayo hakuna aliyemtania, kaa naye vilevile. Siku hizo ndizo atakazojua kama hukumjia kwa huruma tu.