Shamba la karafuu lililopandwa na watumwa: je, mavuno yake ni halali?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Tumerithi shamba la mikarafuu Pemba. Wazee wanasema lilipandwa na watumwa wa babu mkubwa. Wengine hutuambia tusijali, kwa kuwa karafuu ndiyo biashara safi iliyokuja badala ya kuuza watu. Tule mavuno yake?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Hilo la "biashara safi" si kweli, na hukumu inalitegemea. Mkataba wa 1845 baina ya Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na Waingereza ulizuia kupeleka watumwa Uarabuni. Utumwa wa visiwani haukuguswa. Waliotolewa bara wakaishia mashambani, kwa sababu karafuu huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, na msimu haumngoji mtu. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo tegemeo. Sultani Seyyid Barghash alifunga soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, 1873, lakini sheria haikuacha kuutambua utumwa mpaka 1897, tena mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na fidia akapewa bwana! Yule aliyepalilia na kuchuma hakupewa kitu.

Sasa hukumu. Wengi wa watumwa hao walikuwa watu huru waliotekwa. Katika hadithi qudsi (maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume) aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, yumo aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akachukua kazi yake yote asimpe ujira. Dhambi hiyo si yenu: hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine (6:164). Deni ni jambo jingine, kwani mirathi hugawanywa baada ya wasia na deni (4:11).

Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, aliyemfanyisha kazi mtu huru kwa nguvu anadaiwa ujira wa mfano, yaani malipo ya kawaida ya kazi ile. Hadaiwi shamba. Kwa hiyo, ikiwa ardhi ilipatikana kihalali, shamba ni lenu na mavuno ni halali. Ulizeni wazee: wako wajukuu wa wale watu wanaojulikana? Basi kubalianeni nao kiasi, mbele ya kadhi ikibidi. Wakiwa wanaishi shambani, msiwatoe. Wasipojulikana, kadirieni deni hilo kwa dhana yenye nguvu, mtoe sadaka kwa niaba yao, hata kidogo kidogo kila msimu.

Mimi nina hofu zaidi na wachumaji wenu wa leo. Mchumaji analipwa kwa pishi, yaani kipimo cha ujazo, na mwenye shamba anaijaza mpaka inafurika kisha anaihesabu moja. Huko ndiko kupunja kunakotajwa mwanzo wa Suratul Mutaffifin. Pishi ipanguswe juu, na ujira ulipwe karafuu ikiwa mbichi, siyo mchumaji asubiri mpaka ikauke na kuuzwa.

Zaka ya mazao, kwa Mashafii, haimo katika karafuu kwa kuwa si chakula cha akiba. Fedha ya mauzo ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikatimiza mwaka, toeni asilimia 2.5.

Wallahu a'lam.